Kitunguu, ndizi na maharagwe: vile tunafundisha vijana wetu seli na urithi

Maneno haya yalisemwa na memba mumoja wa chama, mwalimu wa biolojia katika masomo ya sekondari hapa Goma, mbele ya mukutano wa wanamemba na wafadhili. Tumeyafupisha kidogo tu.



Niliombwa niseme juu ya ile kazi tunafanya na vijana kila siku ya posho, kisha saa sita. Najua kuko wenye wanajiuliza: chama chetu ni cha kusaidiana. Tunachangia matanga, tunachangia mbegu, tunachangia mabati kwa mwenye amerudi na amekuta nyumba haiko. Biolojia inaingia wapi? Nitawajibu, lakini acheni kwanza niwaonyeshe kazi yenyewe, kisha mutaona jibu.

Munajua vijana wetu walitoka wapi. Kuko wenye walisoma Uganda, Nakivale ao Kyangwali, kwa Kiingereza. Kuko wenye walikaa Kanyaruchinya na Bulengo mupaka mwezi wa 2 mwaka wa 2025, wakati kambi zilikwisha na kila mutu alibeba hema yake. Wale walipoteza miaka. Leo kijana wa miaka 17 anakaa benchi moja na mutoto wa miaka 13, na kitabu chenye kiko mbele yake ni cha Kifaransa. Anasikia haya, ananyamaza, na kisha miezi mbili anaacha masomo. Si juu hana akili. Maneno tu njo yanamufungia mulango.

Sasa, ukimupa kijana huyo kitunguu mukononi, mulango unafunguka. Kitunguu hakimuulize alisoma wapi.

Kazi ya kwanza ni hiyo ya kitunguu. Unakata kitunguu vipande vine. Kati ya ganda na ganda kuko kingozi laini sana, kama karatasi ya mafuta. Unakivuta polepole, unakilaza juu ya kioo safi, unatia tone moja la tentiri ya iode ya farmasi iliyochanganywa na maji. Unaweka chini ya mikroskopu. Hapo kijana anaona ukuta wa matofali, tofali kwa tofali, na ndani ya kila tofali kuko alama ya mviringo yenye rangi zaidi. Kila tofali ni seli. Ile alama ni kiini, njo mahali maagizo ya seli yanachungwa.

Tuko na mikroskopu moja tu, ya kukopa. Kwa hiyo vijana wanapanga mustari. Wakati wengine wanangoja, tunatumia telefone: lensi ndogo ya zile tochi nyekundu za laser zilizokufa, unaibandika mbele ya kamera, unainua kingozi kwenye mwangaza. Haionyeshe vizuri kama mikroskopu, lakini vyumba vya kitunguu vinaonekana, na kijana anapiga picha anapeleka nyumbani. Mama anaona pia.

Kisha tunaongea juu ya parselle. Kila mutu hapa anajua parselle. Seli ya kitunguu iko na kiambazo kigumu, kama vile tunajenga kwa mawe ya volkano. Ndani ya kiambazo kuko ngozi laini ya seli, yenye kufanya kazi ya mulinzi: huyu aingie, huyu apana. Kuko mbabula nyingi ndogo zenye kuchoma chakula ili seli ipate nguvu. Vitabu vinaziita mitokondria. Seli yetu sisi watu haina kile kiambazo cha mawe, iko na ile ngozi laini tu. Vijana wanapenda mufano huu, lakini ninawaambia kila mara: parselle iko na nafasi ya wazi, seli haina. Imejaa maji na vitu vyenye vinatembea bila kupumzika.

Kazi ya pili ni ya yai. Yai moja kwa klasi nzima, si yai kwa kila kundi. Nasema hivyo sababu kuko vijana wenye wanakuja bila kula, na si vizuri kuwaonyesha mayai kumi yanaharibika. Unalaza yai ndani ya vinegre siku mbili. Ganda linaisha, linabaki yai lenye ngozi tu. Ukiliweka mu maji safi, linavimba. Ukiliweka mu maji ya chumvi nyingi, linanyauka. Ngozi inaachilia maji yapite, lakini haiachilie kila kitu.

Hapo ninauliza: nani alishaona mutu wa kolera? Mikono yote inainuka. Hapa Goma hatuhitaji kufundishwa kolera ni nini. Lakini wachache wanajua kwa nini mugonjwa anapewa maji yenye chumvi na sukari, si maji matupu. Seli za matumbo ziko na milango yenye kufunguka wakati chumvi na sukari vinafika pamoja. Vinaingia, na maji yanavifuata. Litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, bila kurundika. Vijana wanapima wenyewe, wanaandika ndani ya kaye. Wakati serum ya pakiti haiko karibu, ile kaye inaweza kuokoa mutu akiwa njiani kwenda hospitali.

Kazi ya tatu ni ya ndizi. Wengi walifikiri ADN ni kitu cha laboratwari za Ulaya. Tunaitoa ndani ya kikombe. Nusu ya ndizi iliyoiva, unaiponda mupaka inakuwa kama uji. Unatia nusu kikombe cha maji, kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kimoja cha sabuni ya maji, unakoroga polepole bila kufanya povu. Sabuni inavunja ngozi za seli, sababu ngozi hizo ziko na mafuta, kama vile inaondoa mafuta kwa sufuria. Unachuja na kitambaa safi. Sasa unachukua alkoli ya farmasi ya 90, yenye ilipata baridi kabisa, unaimwanga polepole pembeni ya kikombe ikae juu. Unangoja dakika tano ao kumi. Unaona nyuzi nyeupe zinapanda, zinazungukana kama kamasi. Ile ni ADN ya ndizi, iliyochanganyika na vitu vingine kidogo. Unaivuta na kijiti.

Onyo moja: alkoli inawaka. Mbabula, kandeli na kiberiti vinakaa inje, mbali. Na ile ndizi hailiwe tena.

Siku ya ndizi hata wale wa nyuma wanasimama. Ninawaambia: ndani ya kila seli ya mwili wako yenye kiini, kuko uzi kama huu, na ukiunyoosha unafika karibu mita 2. Umekunjwa vipande 46. Vipande 23 vilitoka kwa mama, 23 vilitoka kwa baba. Haiko 30 kwa mama na 16 kwa baba. Kumbukeni ile hesabu, tutairudilia.

Kazi ya nne ni ya bushanga. ADN iko na herufi nne tu: A, T, C, G. Tunachagua rangi nne za bushanga, kila herufi na rangi yake. Vijana wanatunga bangili, herufi tatu tatu, sababu seli inasoma tatu tatu. Ninawapa kipande kifupi cha maagizo yenye seli inafuata kutengeneza emoglobini, ile kitu chekundu chenye kubeba hewa ndani ya damu. Pale wanatunga GAG. Kisha ninaambia kundi la pili: badilisheni bushanga moja tu, ya katikati, iwe GTG. Bangili mbili, mukiziweka mbali kidogo hamuone tofauti. Lakini ile bushanga moja njo inaleta ugonjwa wa SS.

Hapa sasa tunafika pale nilikuwa ninaenda.

Wazazi wangu, SS iko ndani ya nyumba zetu. Congo iko kati ya inchi zenye kuzaa watoto wengi zaidi wa SS duniani, pamoja na Nigeria na India. Ndani ya chama hiki kuko mama waliozika watoto bila kujua jina la ugonjwa. Kuko waliotumia pesa yote kwa wenye kupiga ramli. Kuko mama waliofukuzwa kwao, eti tumbo lao ni baya, eti ni bibi muzee fulani anakula damu ya mutoto. Mutoto analia mifupa usiku kucha, macho manjano, mikono na miguu imevimba, na watu wanatafuta mulozi.

Kwa hiyo kazi ya tano, ya maharagwe, njo kubwa kuliko zote. Na iko rahisi kuliko zote.

Unachukua vifuko viwili. Kimoja ni cha baba, kingine cha mama. Ndani ya kila kifuko unatia haragwe moja jeupe na moja jekundu. Jeupe ni A, maagizo mazima. Jekundu ni S, yale ya bushanga iliyobadilika. Baba huyu ni AS, mama huyu ni AS. Wote wawili wanatembea, wanalima, wanabeba makala. Hawagonjwe. Sasa kijana anafunga macho, anatoa haragwe moja kwa baba na moja kwa mama. Ule ni mutoto wa kwanza. Anaandika: AA, AS, ao SS. Kisha anarudisha maharagwe, kila moja ndani ya kifuko chake, anatikisa, anatoa tena.

Kila kundi linafanya mara 40. Kisha tunajumulisha ubaoni hesabu ya makundi yote. Kadiri hesabu inakuwa kubwa, inakaribia robo AA, nusu AS, robo SS. Ile njo sheria yenye Gregor Mendel aliipata na mimea ya petit pois, akaitangaza kwa kitabu mwaka wa 1866, wakati hakuna mutu alijua ADN inafanya nini.

Lakini robo haiko na maana yenye watu wengi wanafikiri. Siku moja kundi moja lilitoa SS mara tatu mufululizo. Wakasema maharagwe yamelogwa. Kundi lingine lilitoa mara saba bila SS hata moja. Nikawaambia: angalieni, munarudisha maharagwe kila mara. Kifuko hakikumbuke mutoto aliyetangulia. Familia yenye imezaa watatu wazima haijamaliza bahati yake, na yenye imezaa watatu wa SS haijalaaniwa. Kila mimba ni kutoa upya.

Na jambo la pili: ili mutoto atoke SS, mikono miwili inatoa haragwe jekundu, mukono kwa kifuko cha baba na mukono kwa kifuko cha mama. Hakuna SS ya mama peke yake.

Kulikuwa binti mumoja nyuma. Hakuwa anasema mingi mu klasi. Aliangalia vifuko muda murefu, kisha akauliza: «Prof, kama iko hivyo, kwa nini wanafukuzaka mama peke yake?» Hakuna mutu alicheka. Vijana wanaume waliangalia chini. Mimi sikumujibu kwa haraka, niliacha swali likae. Lile swali ninawaletea ninyi leo, ba papa wa chama hiki.

Kisha tunabadilisha vifuko. Tia A mbili kwa baba, A na S kwa mama: hakuna SS, lakini kila mutoto anaweza kutoka AS. Tia S mbili kwa baba, A na S kwa mama: sasa nusu ni SS. Tia S mbili kwa mumoja na A mbili kwa mwingine: wote AS, hakuna mugonjwa. Vijana wanaelewa peke yao kwamba mutu mwenye SS anaweza kuoa ao kuolewa, na kwamba AS si ugonjwa wala haya. Wanaelewa pia kwa nini inafaa kupimwa damu mapema, kabla ya mahari, si kisha mutoto wa pili.

Kazi ya sita inamaliza. Tunakata chupa ya plastike, tunageuza shingo chini kama mureji. Tunapitisha petit pois kavu: zinapita. Kisha tunachanganya na maganda ya chungwa yaliyokatwa kama mundu: yanashikana kwenye shingo, na hata petit pois hazipite tena. Hivyo njo damu ya SS inafunga mishipa, na hapo maumivu yanatoka. Damu nyekundu ya mutu muzima inaishi siku 120 hivi. Ya SS inaishi siku 10 mupaka 20. Ndiyo maana mutoto anakosa damu kila mara. Hajanyonywa na mutu. Seli zake zinavunjika mbio kuliko mwili unaweza kutengeneza zingine.

Vijana wanauliza: kama ni mbaya hivyo, kwa nini S haikupotea? Swali nzuri. Mwaka wa 1954 munganga Anthony Allison, mwenye alikomalia Kenya, alionyesha kwamba watoto AS wanakingwa zaidi na malaria kali. Mahali malaria inaua, AS alibaki hai akazaa. Kwa hiyo S iliishi kati yetu kwa sababu ya mbu, si kwa sababu ya laana.

Sasa niseme mambo yenye hatufanyake, sababu wafadhili wengine walituletea vitabu vyenye kuyaomba.

Hatuchome kidole cha mutoto kutoa damu ndani ya klasi. Kupima damu ni kazi ya wauguzi, na sindano safi, na siri. Hatusugue ndani ya shavu ili kuona seli za kinywa. Ebola ilifika Goma mwezi wa 7 mwaka wa 2019, na mpox ilikuja nyuma, kitunguu kinatosha.

Na hatuambie mutoto: nenda nyumbani, linganisha sikio lako na la baba yako, leta damu yao ni ya grupe gani. Katika inchi zingine ni mazoezi ya kucheka. Hapa kwetu, kuko mutoto mwenye baba aliuawa, kuko mwenye analelewa na shangazi na anamuita mama, kuko mwenye alizaliwa kisha mama kuteseka mikononi mwa watu wa bunduki. Ulinganifu ule unaweza kufungua kidonda mbele ya klasi nzima. Tena haufundishe vizuri, sababu sura ya sikio na kukunja ulimi havifuate jeni moja kama vile vitabu vya zamani vilisema. Haragwe halina baba wa kutafuta.

Kuko swali lingine lenye linatoka kila mwaka, na ninajua linatoka wapi. Kijana anauliza: «ADN inaweza kuonyesha kabila?» Ninajibu bila kuzunguka. Hakuna jeni ya kabila. Wewe na mutu yeyote duniani munafanana karibu herufi 999 juu ya 1000. Tofauti zinazobaki, nyingi ziko kati ya watu wa kijiji kimoja, si kati ya watu hawa na watu wale. Wakati wa Wabelgiji kuko waliopima pua na vichwa katika inchi zetu za Maziwa Makubwa, wakaita ile elimu. Tunajua matunda yake. Mutoto mwenye alitunga bushanga kwa mikono yake, akaona herufi ziko nne tu kwa kila mutu, ni vigumu kumudanganya na mambo ya pua.

Basi, jibu langu kwa lile swali la mwanzo ni hili. Chama hiki kinachangia matanga. Mengine ya matanga hayo yangeweza kuepukwa, na amani ya nyumba nyingi ingeweza kubaki, kama watu wangejua maharagwe mawili yanasema nini.

Ninaomba mambo matatu.

Kwa wanamemba: mutoto akirudi na bangili ya bushanga ao na maharagwe ndani ya mufuko, mumuombe awaonyeshe. Mukae chini, mutoe maharagwe pamoja naye. Maharagwe yenyewe yaoshwe, yaende kwenye sufuria. Na kama ndani ya nyumba kuko mutoto wa SS: maji ya kunywa mengi, baridi imukae mbali, alale ndani ya musikitere, na akipata homa asingoje kesho. Kituo cha afya, siku ileile.

Kwa wafadhili: vitunguu, ndizi na sabuni tunaweza kujinunulia. Chenye hatuwezi ni mikroskopu. Mbili tu, za kioo cha jua, sababu umeme unakatika, zingetosha masomo yote yenye watoto wetu wanasoma, zikizunguka. Na pesa ya kupimisha damu kwa vijana wenye wamefika umri wa kuoa na wameomba wenyewe, kwa siri.

Kwa walimu wenzangu: musingoje laboratwari. Toka mwaka wa 2020 Goma iko na laboratwari ya INRB, na watu wa huko wanasoma ADN kweli kweli. Ninataka siku moja vijana wetu waingie pale kwa kazi, wakivaa bluzi nyeupe. Lakini wataanza na kitunguu.

Vifuko viko pale kwenye meza. Mwenye anataka kutoa haragwe aje, na ba papa mutangulie.